Skonzi Ilianza kwa Watu Wasio na Oveni

Ingia duka lolote la mtaani Nairobi asubuhi useme, "Nipatie skonzi." Utapewa pakiti ya vimkate laini vilivyoshikana, vitamu kiasi, vinavyoraruka kama pamba. Vile vya kuchovya kwa chai kabla ya kukimbilia matatu. Sasa nenda mkahawa mmoja wa wale wa viti vya velveti, useme maneno yale yale. Utaletewa kitu kingine kabisa: kinene, kifupi, kina zabibu ndani, kinamomonyoka ukikigusa. Kitakuja na kisahani cha jemu, kisahani cha krimu, na risiti ya kukukumbusha kwamba kodi ya nyumba inalipwa tarehe tano.

Jina moja, vyakula viwili, bei mbili. Na tusidanganyane, matabaka mawili.

Mwezi jana niliweka video nikipika hizo za pili, skonzi za matunda, kejani kwangu. Besita, meko ya kilo sita, kikaango kizito, basi. Wasee wengi walifurahia, wengine wakaniambia wamejaribu. Lakini kulikuwa na kundi lililokuja na mdomo. Hizo si skonzi. Skonzi huokwa kwa oveni. Skonzi ni kitu cha Wazungu wa kifalme, wewe unapika chapati nene na kuibandika jina. Mmoja akaniambia niache kuharibu vitu vya wenyewe.

Vitu vya wenyewe. Hayo maneno yalinikaa kichwani, kwa sababu nilitaka kujua wenyewe ni akina nani. Mimi sina digrii ya historia. Sina digrii ya kitu chochote, niliacha chuo mwaka wa pili. Lakini kusoma sikuacha. Na nilichokuta ni hiki: skonzi ilianza kwa watu wasio na oveni, wasio na hamira, wasio na hata ngano ya kutosha. Tajiri alikuja baadaye sana, akakuta sahani tayari mezani. Kaa chini nikupe stori.

Tawa ya Scotland

Twende kaskazini mwa kisiwa cha Uingereza, Scotland. Huko ni baridi, ni mvua, na kwa karne nyingi ngano ilikuwa shida kustawi. Kilichostawi ni shayiri na oti, ile nafaka ambayo sai watu wa gym wanaichapa kama uji wa asubuhi. Leo ni chakula cha afya na ina bei yake. Wakati huo ilikuwa chakula cha kudharauliwa. Samuel Johnson, Mwingereza aliyetoa kamusi maarufu ya Kiingereza mwaka 1755, alipofika kwenye neno hilo aliandika maana yenye kejeli: kwamba ni nafaka ambayo kwa Waingereza hupewa farasi, lakini Scotland hulisha watu. Kamusi nzima, na bado alipata nafasi ya kuwatusi majirani kwa sababu ya unga wao. Kwa hivyo ukidhani kucheka chakula cha mtu kulianza na mitandao, hapana. Tumerithi.

Neno lenyewe la skonzi ni la zamani kuliko kamusi hiyo. Tunalipata katika maandishi ya Mskoti mmoja, Gavin Douglas, aliyemaliza kutafsiri utenzi wa Virgil kutoka Kilatini kwenda Kiskoti mwaka 1513. Wakati huo Wareno walikuwa wamevamia pwani yetu ya Mombasa na Kilwa chini ya miaka kumi iliyopita. Ndiyo, ni zamani hivyo.

Sasa, skonzi ya wakati huo ilikuwaje? Usifikirie kile kitu kinene cha mkahawani. Mwanamke wa kijijini alikanda unga wa oti au shayiri na maji au maziwa yaliyoganda, akausukuma ukawa duara bapa, akauweka juu ya bamba la chuma lililoning'inizwa juu ya moto. Ukiiva upande mmoja, anageuza. Halafu anakata duara hilo vipande vinne. Kipande kama pembetatu, hiyo ndiyo ilikuwa skonzi.

Bamba la chuma, unga uliosukumwa duara, kugeuza. Buda, hiyo ni tawa. Hakuna Mkenya anayehitaji kuelezewa hiyo mashine.

Na sababu ya kutumia bamba ni rahisi. Oveni ilikuwa jengo. Tanuri la matofali au mawe linakula kuni nyingi, linataka nafasi, linataka mtu wa kulisimamia. Liliwafaa waokaji wa mjini na majumba ya makabaila. Nyumba ya mkulima ilikuwa na moto mmoja katikati, na moto huo huo ndio ulipika, ulipasha nyumba joto na kukausha nguo. Bamba lilitosha. Lilikuwa na thamani hivi kwamba mwaka 1599 mji mdogo wa Culross ulipewa na mfalme haki ya pekee ya kuyatengeneza mabamba hayo.

Kwa hivyo mtu akikuambia skonzi ya kikaango ni ya uongo, mwambie kwa heshima kwamba ya oveni ndiyo iliyokuja juzi.

Unga mweupe ulioleta kiburi

Kutoka kipande bapa hadi kile kitu kinene kilichopasuka katikati, kilichobadilika ni kemia. Na hapa stori inaingia nyumbani bila kulazimishwa.

Kuumua unga zamani kulihitaji hamira. Hamira ni viumbe hai. Inataka joto, inataka muda, na inataka unga wa ngano wenye nguvu ya kuvutika. Oti haivutiki hivyo. Njia nyingine ya kuumua ni kutumia chumvi ya soda inayokutana na asidi. Zikikutana zinatoa hewa ya ukaa, mapovu yananasa kwenye unga, unga unapanda. Hakuna kungoja. Dakika kumi na tano kutoka bakuli hadi mdomoni.

Shida ilikuwa kupata soda ya bei ya chini. Mfaransa Nicolas Leblanc alipata hati ya uvumbuzi mwaka 1791 kwa njia ya kutengeneza magadi kutoka kwa chumvi ya kawaida, na viwanda vikafuata. Mwaka 1843 mwanakemia wa Birmingham, Alfred Bird, akachanganya soda na asidi kavu kwenye mkebe mmoja. Alifanya hivyo kwa sababu ya mapenzi: mkewe, Elizabeth, alikuwa akidhurika na hamira na mayai, kwa hivyo mkate wa kawaida haukumfaa. Hiyo ndiyo bekin pauda ya kwanza ya kisasa. Baadaye jeshi la Uingereza lilikuwa likiitumia kuwapikia wanajeshi mkate katika vita vya Crimea. Kule Marekani, mwaka 1846, shemeji wawili walianza kuuza soda ya kuokea kwa pakiti. Na miaka ya 1860 Mbelgiji Ernest Solvay akapata njia nyingine ya kutengeneza magadi, yenye gharama ndogo zaidi, na bei ikaanguka.

Sasa soma tena hilo neno. Magadi.

Shosho yako akichemsha githeri ngumu, au mrenda, au kunde, anatupia kitu kidogo cheupe mboga ilainike. Hicho ndicho kitu chenyewe, kikiwa bado na vumbi la Bonde la Ufa. Ziwa Magadi, kusini mwa Nairobi, limefunikwa ukoko wa chumvi hiyo ambao maji ya chemchemi za moto huujaza kila mwaka. Wakati Wazungu wanahangaika viwandani kutengeneza soda, huku ilikuwa imelala juani. Wakoloni walipoiona hawakulala. Kampuni ya Magadi ilianzishwa mwaka 1911, na reli ikajengwa kutoka Konza hadi ziwani kuisafirisha. Mwaka huo huo wa 1911 Wamaasai walitiishwa kusaini mkataba wa pili, uliowatoa Laikipia kuwasukuma kusini. Ardhi inachukuliwa huku, magadi yanachimbwa kule, na jina la Kiswahili linabaki kwenye mlango wa kampuni.

Sisemi magadi yetu ndiyo yaliumua skonzi za Malkia. Magadi mengi huishia kwenye vioo na sabuni. Ninachosema ni kwamba huo ujuzi, kwamba jiwe jeupe la chumvi hubadilisha chakula, haukuhitaji kuletwa na meli. Na onyo dogo kwa wabishi: usitupe magadi ya githeri kwenye skonzi. Ni makali, yatakupa ladha ya sabuni. Tumia soda safi ya dukani.

Zabibu za Wakorintho

Tukisema skonzi za matunda, tunamaanisha zaidi zabibu kavu. Nazo zina mambo yake.

Zile ndogo nyeusi, jina lake la Kiingereza lilitoka kwa mji wa Korintho, Ugiriki. Ndiyo, Wakorintho wale wale walioandikiwa barua na Paulo. Kwa mamia ya miaka zilikaushwa juani kusini mwa Ugiriki zikapakiwa melini, na mnunuzi wao mkubwa alikuwa Uingereza. Keki za Krismasi, pudini, maandazi ya chai, zote ziliwategemea wakulima hao.

Karne ya 19, wadudu walishambulia mashamba ya zabibu ya Ufaransa. Wafaransa wakakosa zabibu za mvinyo, wakaanza kununua zabibu kavu za Ugiriki kwa wingi. Wagiriki wakaona pesa. Waling'oa mizeituni, wakapanda zabibu kila mahali. Halafu mashamba ya Ufaransa yakapona, Ufaransa ikaweka ushuru kulinda wakulima wake, na soko likaporomoka mwaka 1893. Mwaka huo huo serikali ya Ugiriki ilitangaza haiwezi kulipa madeni yake. Vijana wa vijijini walifunga virago kwa maelfu kwenda Marekani.

Manze, kama una shangazi mwenye shamba la chai Murang'a au Kisii, hapo hauhitaji nikueleze. Zao moja, mnunuzi wa mbali, bei inayoamuliwa mahali hujawahi kufika. Mtu anayekula skonzi saa kumi jioni hajui kwamba kijiji kizima kilisimama au kilianguka kwa sababu ya zile nukta nyeusi.

Jinsi mkate wa maskini ulivyovaa glavu

Sasa tajiri anaingia.

Inasemekana miaka ya 1840, mwanamke wa tabaka la juu kabisa Uingereza, Anna, mke wa Duke wa Bedford, alikuwa akisikia njaa alasiri kwa sababu chakula cha jioni kilisogezwa hadi usiku. Akaanza kuagiza chai na vitafunio. Akaalika marafiki. Ikawa desturi. Na kitafunio kilichofaa meza hiyo kilikuwa kile ambacho mpishi anaweza kukitoa haraka, cha moto, bila kungoja hamira. Wapishi walikifahamu tayari, wengine tangu kwao kijijini.

Lakini hakikuingia kwa mlango wa mbele kikiwa na nguo zile zile. Oti ilitoka, ngano nyeupe ikaingia. Sukari ikaingia, na sukari hiyo ilikuwa imejengwa juu ya mashamba ya watumwa kule Karibi hadi Uingereza ilipoondoa utumwa huko kwa sheria ya 1833. Chai ikatoka China, kisha Assam. Zabibu Ugiriki na Uturuki. Soda kiwandani. Jiko la chuma lenye oveni likawa kitu cha kawaida katika nyumba za mijini. Kipande bapa cha mkulima kikavimba, kikawa duara dogo zuri, kikawekewa krimu juu.

Leo watu wa Devon na wa Cornwall, majimbo mawili jirani kusini magharibi mwa Uingereza, bado wanabishana: Devon krimu kwanza halafu jemu, Cornwall jemu kwanza halafu krimu. Wana uzito na hilo jambo kama sisi na Gor na AFC. Si vibaya. Lakini ona ilivyoenda. Kitu cha mwanamke asiye na oveni sasa kina sheria za mezani, na ukizivunja unaitwa mshamba.

Skonzi inatua Kikuyu

Wamisionari wa Kiskoti walifika sehemu za Kikuyu mwaka 1898. Mahali walipojenga panaitwa Thogoto mpaka leo. Inasemekana jina hilo ni neno Scot likipita kwenye ulimi wa Mkikuyu. Hebu liseme kwa sauti: Scot, Thogoto. Sasa sema skonzi. Unaona lugha inavyofanya kazi? Ikichukua kitu haikiachi kama ilivyokikuta.

Hoteli ya Norfolk ilifunguliwa Nairobi Krismasi ya 1904. Lord Delamere alihangaika na ngano Njoro, kutu ya mimea ikimmalizia mazao, na mwaka 1908 kampuni ya Unga ikaanzishwa. Chai ilipandwa Limuru kuanzia 1903, na miaka ya 1920 kampuni kubwa zikaingia Kericho. Miaka hiyo hiyo ya 1920, kikundi cha wanawake wa kanisa la St Andrew's hapa Nairobi, kanisa la Waskoti, kikatoa kitabu cha mapishi cha walowezi ambacho kilichapishwa tena na tena kwa miongo. Kufikia hapo meza yote ya chai ilikuwa inaweza kutoka ndani ya nchi hii: unga, chai, maziwa, siagi.

Lakini nani aliipika? Katika nyumba ya mlowezi, mpishi alikuwa Mwafrika, mara nyingi mwanaume. Wewe ukisikia watu wakisema jikoni si mahali pa wanaume, kumbuka hawa wazee. Alikuwa na jiko la kuni, mara nyingi nje ya nyumba, mahali pengine oveni ikiwa debe tu lililozungushiwa makaa. Anayemjua mmoja wao kwa jina huenda anamjua Kamante Gatura, aliyempikia mwandishi Karen Blixen kule chini ya milima ya Ngong. Blixen aliandika kwamba Kamante alikumbuka vyakula kwa tukio la siku aliyojifunza, kama mchuzi wa siku radi ilipopiga mti. Hakuhitaji kitabu. Alikuwa amekihifadhi kichwani.

Wazee hao walijua kupima joto kwa kuingiza mkono. Walijua unga ukikandwa sana unakuwa mgumu. Lakini kuketi kwenye kiti cha veranda ya hoteli hawangeweza, kwa sababu ya rangi yao. Na ile chai? Hadi miaka ya 1950 mkulima Mwafrika alizuiwa kuipanda. Angeichuma kwenye shamba la mtu kwa mshahara mdogo, lakini kuwa na miche yake mwenyewe ilikuwa kosa. Yaani ulipika skonzi, ukachuma chai, ukabeba sinia, na ukabaki umesimama.

Halafu 1952 kukaanzishwa Maendeleo ya Wanawake, ikiungwa mkono na serikali ya kikoloni. Vikundi vyake vilifundisha kushona, usafi, malezi na upishi, pamoja na kuoka. Mwaka huo huo hali ya hatari ilitangazwa. Kwa hivyo wakati wanawake wengine wanafundishwa mapishi ya kistaarabu, wengine wa Mlima Kenya walikuwa njiani kufungiwa kwenye vijiji vya dharura, wakilazimishwa kuchimba mahandaki. Siwalaumu waliojifunza. Mwanamke akipata ujuzi wa kulisha watoto na kuuza kidogo, aupate tu. Lakini usiniambie kuoka hakujawahi kuwa siasa nchi hii.

Basi ipi ndiyo skonzi halisi?

Sasa rudi kwenye ile pakiti ya dukani. Ina hamira, ni laini, haina zabibu. Kwa Mskoti hiyo si skonzi. Kwa Mkenya ni skonzi tangu azaliwe, na hata kamusi za Kiswahili zinalijua neno hilo kama mkate mdogo. Mimi naona hivi: jina lilitoka jikoni kwa mlowezi na wapishi, likaingia kwa waokaji wa mjini, wakalibandika kwenye kile ambacho watu wao walitaka kununua. Mkate wa kubeba, unaokaa siku mbili tatu, unaolowa chai vizuri. Skonzi ya soda ni ya kuliwa ikiwa moto, kesho yake ni jiwe. Duka la mtaani halingeweza kuuza jiwe.

Na si sisi pekee. Jimbo la Utah, Marekani, ukiagiza skonzi unaletewa donge lililokaangwa kwenye mafuta, likapakwa siagi yenye asali. Hilo ni andazi, wasee. Queensland, Australia, wanatia malenge. Afrika Kusini skonzi zinaliwa kwa mabeseni kwenye harusi na matanga, pamoja na kinywaji cha tangawizi. Kila mahali watu walichukua jina wakalitia walichonacho, kama yule mwanamke wa kwanza alivyotumia oti kwa sababu ngano hakuwa nayo.

Kwa hivyo jibu langu kwa ule mdomo wa mwezi jana ni kwamba skonzi haina wenyewe. Ina waliopika na waliokula. Mara nyingi hawakuwa watu wale wale. Mimi ninachotaka ni anayepika aketi pia ale.

Zipike sasa

Chukua vikombe viwili vya unga wa ngano, kama gramu 250. Tia vijiko viwili vya chai vya bekin pauda, robo kijiko cha chai cha soda ya kuokea, chumvi kidogo, na vijiko vitatu vikubwa vya sukari. Ingiza gramu 60 za siagi baridi, au majarini kama mfuko umekauka, usugue kwa ncha za vidole mpaka ufanane na mchanga. Tia konzi mbili za zabibu kavu. Ukikosa zabibu, tende zilizokatwa zinafaa sana.

Sasa mala, mililita 150. Mala ndiyo siri. Asidi yake inakutana na ile soda, na sasa unajua kwa nini. Mimina, changanya kwa kisu au mwiko mpaka ishikane tu. Koma hapo. Hii si chapati, usiikande kwa hasira. Ukikanda sana unga unavutika, na skonzi inakuwa kiatu.

Kwa kikaango: bonyeza donge kwa kiganja liwe duara la unene wa sentimita moja na nusu. Kata vipande vinne au sita, kama wale wa kale. Kikaango kizito, moto mdogo kabisa, bila mafuta, nyunyiza unga kidogo tu. Funika. Dakika saba hivi upande mmoja, geuza, dakika saba tena. Kama pembeni bado ni mbichi, zisimamishe kwa ubavu dakika moja. Moto ukiwa mkali zitaungua nje na kubaki uji ndani, kwa hivyo tulia.

Kwa oveni, kama unayo au ya jirani: unene wa sentimita mbili na nusu, kata kwa glasi iliyopakwa unga, bonyeza chini moja kwa moja bila kuzungusha ili zipande sawa. Joto la 220, dakika 12 hadi 15.

Zipasue kwa mkono zikiwa bado moto. Paka blubandi, jemu, asali, chochote. Ukianza na krimu au na jemu, hakuna Mdevon atakayekuja kukushika. Chemsha chai ya maziwa yenye tangawizi, majani ya Kericho au Nyeri au Nandi. Kama mathe yuko karibu mpe ya kwanza, na wewe vuta kiti uketi.